Bakuli Jeupe la Mwonja Chai

Kila kinywaji kina chombo kinachokifaa. Katika nyumba za Wakipsigis wa Kericho na Bomet, mursik haitengenezwi katika chombo chochote kipatikanacho, bali katika kibuyu kiitwacho sotet, kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti. Na ladha yake hutoka katika kibuyu hicho kama itokavyo katika maziwa yenyewe. Chai nayo ina chombo chake. Mwonja chai kiwandani hatumii kikombe cha bati wala chenye maua. Mbele yake hupangwa safu ya mabakuli ya kauri, meupe kabisa ndani, na weupe huo haukuwekwa kwa ajili ya urembo.

Waliotangulia kuvumbua kauri nyeupe ni Wachina. Udongo mwingi una chuma ndani yake, nacho chuma ndicho kinachokipa chombo rangi nyekundu, ya kahawia au ya majani mabichi kikiisha kuchomwa. Katika karne ya 6 na ya 7 wafinyanzi wa China ya kaskazini walichagua udongo wenye chuma kidogo mno, wakakipaka chombo mchanganyiko unaoyeyuka motoni na kuganda kama kioo, kisha wakakichoma katika tanuri zenye joto la digrii 1,200 na zaidi. Tanuri za Xing, katika jimbo liitwalo leo Hebei, zilipata sifa kuu. Vyombo vyake bora vilikuwa vyembamba hata mwanga ukapenya. Navyo vilivyosalia vizima ni adimu sana.

Walakini Lu Yu (733–804), aliyeandika kitabu cha kwanza kinachojulikana juu ya chai peke yake, hakuvipendelea. Aliviweka chini ya vyombo vya Yue vya kusini, vyenye rangi ya kijani, kwa kuwa bakuli jeupe huionyesha chai kuwa nyekundu, na wekundu huo haukumpendeza. Baadaye, zamani za ukoo wa Song (960–1279), Wachina walikoroga unga wa chai mpaka ukatoa povu jeupe, ndipo mabakuli meusi yakapendwa, maana povu lilionekana vizuri ndani yake.

Vyombo hivyo vilisafiri mbali. Mwaka 1998 iligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, merikebu iliyozama katika karne ya 9, yenye mbao zilizoshonwa kwa kamba kama mtepe wa Lamu. Ndani yake vilikuwamo vyombo vya China zaidi ya 50,000, na vyeupe vilikuwa sehemu ndogo tu ya shehena hiyo. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilipokea bidhaa za biashara hiyo: huko Manda, karibu na Lamu, ambako Neville Chittick alichimba katika miaka ya 1960 na 1970, vilipatikana vigae vya China vya karne ya 9 na zilizofuata.

Chai ya Kericho, ambayo mashamba yake makubwa yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, ni ya namna nyingine. Majani hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, ndipo yakaushwe. Basi maji yake ni mekundu, na wekundu ule ule aliouepuka Lu Yu ndio unaotafutwa na wanunuzi katika mnada wa Mombasa. Kanuni ya kimataifa ya kuandaa chai ya kuonja, iliyotolewa mwaka 1980, yataka gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, katika chombo cheupe.

Weupe huo hauna huruma. Chai iliyokawia mno kupata hewa huonekana imefifia. Iliyo njema hung'aa, na ukingoni mwa bakuli huonekana duara la rangi ya dhahabu. Moshi wa tanuri inayovuja hautambuliwi kwa jicho, ila kwa pua na ulimi. Mkulima wa Litein au Mogogosiek hayupo penye meza hiyo, lakini majani aliyoyashindilia katika gunia yakapata joto na kuwa mekundu kabla ya kupimwa huonekana humo, nayo bei itakayotolewa Mombasa ndiyo itakayopunguza au kuongeza bonasi yake ya mwaka.