SOMO LA LEO: Mpangaji Anaponunua Nyumba kwa Mkopo



Leo tujifunze habari ya mkopo wa nyumba. Mfano wetu unatoka Uingereza. Huko, halmashauri za miji na wilaya zilijenga nyumba nyingi na kuwapangisha wananchi. Nyingine ni fleti, yaani makao ya jamaa moja ndani ya jumba kubwa la ghorofa.

Mwaka 1980, serikali ya Bibi Margaret Thatcher ilileta sheria mpya. Mpangaji wa halmashauri aliyekaa miaka 3 alipata haki ya kununua nyumba anayokaa, tena kwa bei ya chini. Aliyekaa miaka 3 alipunguziwa 33 kwa mia. Aliyekaa miaka 20 alipunguziwa nusu ya bei. Tangu hapo, nyumba zaidi ya milioni 2 zimeuzwa.

Rehani ni nini?

Wapangaji wengi hawakuwa na fedha mkononi. Basi walikopa benki, au kwenye vyama vya mikopo ya nyumba, au kwa halmashauri yenyewe. Mkopo wa namna hii hulipwa kila mwezi, mara nyingi kwa miaka 25. Nyumba ndiyo rehani. Unakaa ndani yake, lakini usipolipa mkopeshaji anaweza kuichukua na kuiuza.

Tupige hesabu

Tuseme fleti ina thamani ya paundi 20,000. Mpangaji amekaa miaka 20, kwa hiyo anauziwa paundi 10,000. Rahisi, siyo? Ngoja kwanza. Riba ikiwa 10 kwa mia, mwaka wa kwanza riba peke yake ni kama paundi 1,000. Riba ikipanda kufika 15 kwa mia, ni paundi 1,500. Na deni lenyewe bado liko pale pale!

Mambo haya yalitokea kweli. Mwaka 1989 riba ya mikopo ya nyumba Uingereza ilipanda mpaka karibu 15 kwa mia. Watu wengine walipoteza kazi. Mwaka 1991 peke yake, wakopeshaji walichukua nyumba zaidi ya 75,000, za wakopaji wa kila aina.

Paa likivuja

Mpangaji paa likivuja humwambia mwenye nyumba. Mwenye fleti je? Yeye hakununua jumba zima. Amepewa hati ya kukaa miaka mingi, mara nyingi 125. Paa, ngazi na lifti ni za halmashauri, lakini gharama ya kuzitengeneza hugawanywa, naye hulipa fungu lake. Kwa mfano, paa jipya ni paundi 80,000 na fleti ziko 40. Kila mmoja atatoa paundi 2,000, juu ya mkopo wake. Tena benki nyingine hazipendi kukopesha kwa fleti za majumba marefu ya zege. Kwa hiyo kuuza nako kunaweza kuwa taabu.

Sheria hiyo ilikoma Scotland mwaka 2016 na Wales mwaka 2019. England bado ipo, ila tangu Novemba 2024 punguzo la bei limekuwa dogo zaidi.

Tumejifunza nini?

Bei ndogo si gharama ndogo. Wako walionunua wakafaidika, wakawaachia watoto wao nyumba. Wako pia waliopoteza makao ambayo zamani waliyalipia kodi tu. Rehani ni rehani, iwe fleti ya Uingereza au shamba la kijijini. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, uliza:

1. Nitalipa kiasi gani kila mwezi?
2. Riba ikipanda, nitaweza?
3. Matengenezo ni juu ya nani?
4. Nikiugua au nikikosa kazi, nani atalipa?

Maswali ya kujipima

(a) Rehani ni nini?
(b) Fleti ina thamani ya paundi 30,000, na mpangaji amepunguziwa nusu. Atalipa bei gani?
(c) Riba ya mkopo huo ikiwa 10 kwa mia, ni paundi ngapi mwaka wa kwanza?

Majibu ya (b) na (c): paundi 15,000, paundi 1,500.