SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUSAFISHA NA KUTUNZA VITI VYA NGOZI YA PLASTIKI

Katika daftari la mali la chama cha msingi huonekana mizani, meza, kabati la chuma, pikipiki, na kwa vyama vya wavuvi mashua na injini yake. Viti vya vyombo hivyo aghalabu haviandikwi. Huhesabiwa kuwa sehemu ya chombo, navyo husahauliwa mpaka siku fundi atakapotaja bei ya kuvishona upya, ndipo kamati inapouliza ni nani aliyeviharibu. Fedha ya kulipia kazi hiyo hutoka katika makato ya mwanachama, kilo kwa kilo. Somo hili lahusu jinsi ya kuvisafisha viti hivyo mpaka ndani, jinsi ya kuvitunza, na jinsi ya kutambua kilichoviharibu kabla ya kumlaumu mtu.

Kitambaa kinachofunika kiti cha mashua, cha pikipiki au cha pikapu si ngozi ya mnyama. Mafundi wa viti huiita leza. Jina lake la kiwandani ni vinili. Asili yake ni plastiki ile ile itengenezayo mabomba magumu ya maji. Mkemia Mjerumani Eugen Baumann aliieleza plastiki hiyo mwaka 1872, lakini ilikuwa ngumu, haikufaa kwa kazi ya kukunjwa wala kushonwa. Mwaka 1926 mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich, huko Marekani, aligundua namna ya kuichanganya na vimiminiko vya kuilainisha, ikawa yenye kunyumbulika. Siri yote ya utunzaji imo humo. Kilainishi hicho hakikuungana na plastiki moja kwa moja. Kimo ndani yake kama maji yalivyo ndani ya udongo wa mfinyanzi. Kikitoka, ngozi hukakamaa na kupasuka. Basi asafishaye kiti hana budi kutoa uchafu bila kutoa kilainishi.

Adui wa kwanza wa kiti ni jua. Matongo iko karibu digrii moja na nusu tu kusini ya Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katika miezi ya Machi na Septemba. Tena nchi yenyewe imeinuka: uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na vilima vya Tarime viko juu zaidi. Pikipiki inayoachwa mbele ya ghala tangu asubuhi hadi kikao cha kamati kiishe, na kikao chenyewe hakiishi, hupata moto ambao mkono hauwezi kuuvumilia. Adui wa pili ni vumbi la barabara za changarawe, ambalo likikaliwa hufanya kazi ya msasa.

Usafishaji wa kila juma ni mwepesi: vumbi lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kiti kikaushwe kivulini. Usafishaji wa ndani ufanywe mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu, na daima baada ya masika. Kiti king'olewe kwenye chombo. Mchanga utolewe kwanza kwa brashi kavu laini, kwa maana ukiloweshwa kabla ya kutolewa utakwaruza. Vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vitiwe katika lita nne za maji ya uvuguvugu. Eneo moja dogo lioshwe, lisuuzwe, lipanguswe, ndipo la pili lianze, ili sabuni isikaukie juu ya kiti. Katika mishono itumike brashi kuukuu ya meno, ikifuata mstari wa uzi, kwa sababu huko ndiko jasho na uchafu hujificha. Sabuni ya mche na ya unga ni kali mno kwa kazi hii. Mashine ya kuoshea magari kwa nguvu isielekezwe kwenye kiti kamwe, kwani husukuma maji kupita matundu ya sindano hadi kwenye sponji.

Petroli, dizeli, mafuta ya taa na thina havina mahali hapa. Ni kweli kwamba waendesha pikipiki wengi hufuta kiti kwa petroli na kikang'aa. Lakini petroli huyeyusha kilainishi na kuondoka nacho, na baada ya majuma machache pale palipong'aa huwa pagumu kama kibuyu. Mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando nayo hunata na kukusanya vumbi. Doa la wino lifutwe kwa pamba yenye spiriti kidogo, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, kisha paoshwe mara moja kwa sabuni.

Kwa vyama vya upande wa ziwa, Shirati na Musoma, shida kubwa ni maji. Mitumbwi mingi ya uvuvi ina mbao tupu za kukalia, lakini mashua za abiria zenye viti vya sponji hushika ukungu mweusi. Damu ya samaki ioshwe kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha. Ukungu upakwe siki iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa, iachwe robo saa, usuguliwe kwa brashi laini na kusuuzwa. Wengi hukimbilia jiki. Huondoa weusi, lakini ikizoewa hudhoofisha uzi, hata mshono huachia wakati ngozi ingali nzima. Jiki na siki zisichanganywe kwa vyovyote vile: mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, nayo ni sumu kwa mapafu.

Ukungu unaorudi baada ya siku chache watoka ndani. Kiti kibonyezwe kwa kiganja. Maji yakichuruzika kwenye mshono, sponji imelowa. Hapo hapana dawa ya juu. Pini za chini zing'olewe, sponji itolewe, ikamuliwe, ianikwe penye upepo hata ikauke kabisa, na ubao wa chini utobolewe matundu machache ya kutolea maji. Kiti kilicholowa kisifunikwe kwa nailoni. Turubai lililoinuliwa kidogo ili upepo upite lafaa zaidi.

Sasa lije jambo la lawama. Uchukuliwe mfano wa chama ambacho kiti cha pikipiki yake kimepasuka mwaka wa pili, na kamati yataka kumkata dereva mshahara. Kabla ya azimio hilo kuandikwa, kiti kiletwe mezani. Nyufa nyingi nyembamba upande wa juu, huku ngozi ya pembeni na ya chini ikiwa laini, ni kazi ya jua. Swali lihamie kwa kamati, kwamba mbona haikujenga kibanda. Doa gumu lenye mipaka laonyesha petroli au thina, na hapo dereva aulizwe, pamoja na aliyemfundisha. Mshono ulioachia juu ya ngozi nzima waonyesha jiki au uzi uliooza. Mpasuko mmoja wenye kingo safi ni wa kisu, msumari au mzigo wenye ncha. Chama kinachomkata mtu mshahara kwa kosa la jua kimemdhulumu, na mwakani kitashona kiti kingine na kukianika pale pale.

Mpasuko usiozidi urefu wa kidole utibiwe mapema. Kipande cha ngozi hiyo hiyo kiingizwe chini ya tundu, kigundishwe kwa gundi ya vinili, kikandamizwe usiku kucha. Ukiachwa, mvua moja yatosha kulowesha sponji yote. Katika daftari la mali kila kiti kipewe mstari wake: tarehe kilipopokewa, tarehe za kukisafisha mpaka ndani, jina la aliyefanya, na hali kilivyoonekana. Katibu anapokabidhi ofisi, mpokeaji akibonyeze kila kiti kwa kiganja chake kabla ya kutia sahihi.