Mzozo Kazini: Ziba Ufa Mapema

Kuanzia Kisaju hadi Kitengela, wakaazi wengi hutafuta riziki katika mashamba ya maua, mijengo, viwanda na maduka. Popote watu wanapofanya kazi pamoja, kutofautiana hakukosi: mshahara umechelewa, saa za ziada hazijalipwa, au msimamizi ametumia matusi. Hasara kubwa huja pale jambo dogo linapoachwa liote mizizi.

Gharama ni ipi?

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa shamba la maua anayelipwa Sh18,000 kwa mwezi. Ametimiza mwaka kazini na anaomba likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo kamili. Msimamizi anakataa bila kueleza, wanarushiana maneno, na jioni mfanyakazi anaambiwa asirudi tena.

Akishinda kesi, mahakama inaweza kuagiza alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, yaani Sh216,000, mbali na notisi na likizo anayodai. Likizo yenyewe ingemgharimu mwajiri chini ya mshahara wa mwezi mmoja. Mfanyakazi naye huumia, kwani kodi ya nyumba na karo hazingoji hukumu.

Wakati mwingine hata asiyehusika hulipia. Mgomo wa wauguzi wa kaunti mwaka 2017 ulidumu takriban miezi mitano, na ule wa madaktari mwaka 2024 ulichukua siku 56. Aliyerudishwa nyumbani bila matibabu ni mwananchi.

Ufanye nini?

1. Zungumza mapema na msimamizi, bila hasira wala hadhira.
2. Weka rekodi: mkataba, hati za malipo, tarehe na majina ya mashahidi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi.
3. Mwajiri, sikiliza kabla ya kufuta. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi anayetuhumiwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na apewe nafasi ya kujitetea, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.
4. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa afisa wa leba. Ofisi hiyo ni ya serikali ya kitaifa na husaidia pande zote mbili kupatana.
5. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iwe hatua ya mwisho. Usikawie: madai mengi ya ajira hufungwa baada ya miaka mitatu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya wiki hii kuisha, mwajiri na mfanyakazi, jiulizeni: ni jambo gani kazini kwetu ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelizungumzia? Anzeni na hilo.