SOMO LA NISHATI: GESI AU UMEME JIKONI?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa Wilaya ya Same lengo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa misitu ya Milima ya Pare, ukiwemo wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, hutunza maji yanayojaza mifereji na ndiva za wakulima. Mkazi aliyekwisha kuamua kupunguza kuni na mkaa hukutana na swali la pili: anunue mtungi wa gesi au apikie umeme?

Jibu hutegemea mambo mawili, yaani chakula kinachopikwa na uniti ambazo kaya hutumia kwa mwezi.

Chakula na muda wa moto

Makande ni chakula cha Upare, na ni chakula kinachodai moto wa saa nyingi. Milimani muda huo huongezeka. Katika kimo cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 badala ya 100, hivyo maharage huiva polepole zaidi kuliko tambarare.

Jungu la presha la umeme huondoa tatizo hilo. Mvuke uliofungiwa ndani hupandisha joto juu ya nyuzi 100, na jungu hujizima lenyewe kila joto linapotosha. Jungu la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kupumzika hutumia uniti moja. Kwa kuwa hupumzika, makande ya saa moja hutumia chini ya uniti hiyo.

Ugali, chai, mayai na mboga za majani havihitaji presha. Hivi vyataka moto unaowaka mara moja na kupunguzwa kwa mkono, na hapo ndipo gesi inapofaa.

Hesabu ya LUKU

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1, ambaye matumizi yake hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, sawa na shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Mteja wa T1 hulipa shilingi 292, yaani takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Anayezidi kiwango cha D1 huhamishiwa T1, na hapo kila uniti, hata ile ya taa, hupanda bei karibu mara tatu.

Tuchukue mfano wa kaya inayotumia uniti 40 kwa taa, redio, runinga na simu. Ikipika makande mara tatu kwa wiki kwa jungu la presha, itaongeza uniti zisizozidi 13. Jumla ni 53, na malipo ni shilingi 6,466. Kaya hiyo hiyo ikipika vyakula vyote kwa jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili kila siku, itaongeza uniti 90. Jumla itakuwa 130, na malipo katika kundi la T1 ni takriban shilingi 46,280. Tofauti ni karibu shilingi 39,800, na humo ndimo inapoweza kutoka gesi ya mapishi ya haraka.

Mkazi anaweza kujua kundi lake kwa kugawanya fedha alizolipa kwa idadi ya uniti zilizoandikwa kwenye risiti ya LUKU.

Hesabu ya mtungi

Kilo moja ya gesi ina joto linalolingana na takriban uniti 13 za umeme. Jiko la kilowati 2 likiwaka kwa moto kamili huimaliza kwa saa sita na nusu hivi, na mtungi wa kilo 6 kwa saa 39. Makande ya saa mbili na nusu, mara tatu kwa wiki, yangeumaliza mtungi huo kwa takriban wiki tano. Ugali wa nusu saa ungepikwa mara 78.

Kwa wakazi wa milimani, nauli ya bodaboda ya kupeleka mtungi dukani na kuurudisha ni sehemu ya bei ya gesi. Mnunuzi aombe mtungi upimwe kabla ya kulipa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiongeza kilo za gesi, jumla ndiyo inayopaswa kusomeka kwenye mizani.

Usalama

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutanda sakafuni. Harufu ikisikika, mtu asiwashe kiberiti wala asiguse swichi ya umeme. Afunge mtungi, afungue milango na madirisha, kisha watu wote watoke nje. Mpira na regulata vikaguliwe kwa povu la sabuni: panapotoka mapovu pana uvujaji. Mtungi usimame wima wakati wote.

Jungu la umeme lichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi, si kwenye waya wa kuunganisha. Nyumba yenye nyaya za zamani ikaguliwe kwanza na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Msimu wa baridi una hatari yake. Mafiga yalipasha joto nyumba, jambo ambalo jungu haliwezi. Hata hivyo, jiko la mkaa au la gesi lisitumike kupasha joto chumba kilichofungwa. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Maswali ya kujibu kabla ya kununua

1. Kaya hupika makande au maharage mara ngapi kwa wiki?
2. Risiti za LUKU za miezi mitatu zinaonyesha wastani wa uniti ngapi, na zimebaki ngapi kufikia 75?
3. Mtungi hugharimu kiasi gani ukishafika nyumbani, nauli ikiwemo?
4. Umeme ukikatika, chakula cha watoto kitapikwa kwa nini?

Kaya inayopika makande mara kwa mara na yenye nafasi chini ya uniti 75 itapata nafuu kwa jungu la presha pamoja na mtungi mdogo wa gesi. Isiyo na umeme, au yenye nyaya zisizo salama, ianze na gesi.