Kwa nini mparachichi unabebeshwa, mgomba haubebesheki

Kuna swali naulizwa mara kwa mara: "Bwana shamba, kama Hass tunaibebesha kwenye mche wa kienyeji, mbona migomba hatubebeshi?" Jibu liko ndani ya shina, na ukilielewa utapunguza miche inayokufia kitaluni.

Shina lina mirija ya aina mbili. Zailemu inapandisha maji na madini kutoka mizizini, floemu inasambaza chakula kilichotengenezwa na majani. Kata mche wa maharage na wa mahindi, isimamishe kwenye glasi ya maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Baada ya saa chache kata tena shina uangalie. Kwenye maharage wekundu umejipanga mduara. Kwenye mahindi ni vidoti vimetawanyika kote.

Mimea ya mduara, kama parachichi, embe na chungwa, ina utando mwembamba kati ya zailemu na floemu unaoitwa kambiamu. Huo ndio unaozaa mirija mipya, na ndio unaounganisha kikonyo na shina. Mahindi, migomba na minazi haina. Tena mgomba, lile unaloliita shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana tu! Ndiyo maana tunapanda machipukizi.

Kambiamu iko chini tu ya ganda, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Kikonyo chembamba kinachomekwa katikati ya shina nene, kambiamu hazigusani popote, kinakauka. Chagua kikonyo kinacholingana na shina, unene wa penseli hivi. Kikizidiwa, kisogeze upande mmoja mpaka maganda yalingane. Kisu kiwe kikali na safi, usikwangue-kwangue, na funga nailoni kabla mkato haujakauka. Kikishashika vizuri, nailoni itoe, la sivyo shina likinenepa litabanwa.

Kamba ya mbuzi nayo ni hivyo hivyo. Ikichubua ganda kuuzunguka mti wote, floemu imekatika na mizizi inakosa chakula. Majani yanaweza kubaki kijani kwa wiki kadhaa kwa sababu zailemu bado inapandisha maji, halafu mtu anasema mti umerogwa. Watu wa Pwani huchonga vidato kwenye mnazi ili waupande, na unaendelea kuzaa, maana mirija yake imetawanyika ndani kote. Mparachichi usiujaribie hivyo.