Ana Kazi Mjini, Je, Anastahiki Zaka?



Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani inapokaribia tunaandika majina ya wanaostahiki zaka na sadaka. Hakosi mmoja wa kuuliza: "Huyu ana kazi mjini, tumwandike wa nini?" Somo letu la leo linajibu swali hilo kwa kuwatazama wakimbizi wanaotoka makazi ya Nakivale kuja kutafuta riziki hapa Mbarara.

Kwa nini wanahama

Nakivale iko wilaya ya Isingiro. Ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipokimbia machafuko ya Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na desturi ni kupewa kiwanja ndani ya makazi. Lakini watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka.

Chakula nacho kimepungua. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi makundi matatu: wengine wapate asilimia 60 ya mgao kamili, wengine 30, na wengine wasipate kitu. Mei 2025, kwa uhaba wa fedha, watu wapatao milioni moja nchini waliondolewa kabisa kwenye mgao.

Kwa hiyo mwenye nguvu huja mjini. Hushona, husuka nywele, hufua nguo za watu, hubeba mchanga kwenye ujenzi, hutembeza vitenge. Lakini msaada haumfuati, kwa kuwa hutolewa makazini. Huku mjini kodi ya chumba, maji, chakula na dawa vyote ni juu yake. Ndiyo maana familia nyingine hugawanyika: mama yuko Mbarara, watoto wamebaki Nakivale na bibi yao ili kadi ya mgao isipotee.

Masikini ni nani?

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, maskini ni mtu asiye na kitu. Katika fiqhi maana ni pana zaidi. Surat at-Tawba, aya ya 60, inataja mafungu manane ya wanaopewa zaka, na inaanza na mafukara, kisha masikini. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, fakiri ni asiye na kitu au anayepata chini ya nusu ya mahitaji yake. Masikini ni anayepata nusu au zaidi, lakini hakimtoshi yeye na wanaomtegemea. Wahanafi wamesema kinyume, kwamba masikini ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Hata hivyo, wote wawili wanastahiki.

Dalili ya Shafi ni kisa cha Nabii Musa na Khidhr katika Surat al-Kahf, aya ya 79. Wenye jahazi wameitwa masikini, na huku wana chombo na wanafanya kazi baharini! Basi kazi peke yake haimtoi mtu katika fungu hili.

Tuchukue mfano. Mama anahitaji shilingi 300,000 kwa mwezi kwa kodi, chakula na watoto. Kufua kunampa 200,000. Ana kazi, na bado ni masikini kisheria.

Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba masikini hasa si yule anayezunguka akirudishwa na tonge moja au mawili, bali ni yule asiye na cha kumtosha, na watu hawamtambui wakampa. Surat al-Baqara, aya ya 273, nayo inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao. Orodha yetu ikijaa wanaokaa mlangoni mwa msikiti tu, hawa tumewaacha.

Tumpe nini?

Imam an-Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji. Kwa fundi wa kushona, cherehani itamfaa kuliko kilo mbili za unga kila mwaka. Abdurrahman bin Awf (r.a.) alipohamia Madina, Saad bin Rabii (r.a.) alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Wengi wa wanaotoka Nakivale wanaomba hilohilo.

Tukumbuke kwamba zaka, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ni ya Waislamu. Jirani mkimbizi asiye Mwislamu tunampa katika sadaka, wala tusimpite.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Katika mtaa unaoishi, ni nani anafanya kazi na hapati cha kumtosha? Utamjuaje bila kumdhalilisha?
2. Wenzetu wanaojua Kiswahili wanaweza kuwasaidiaje Wakongo na Warundi wasiojua Kinyankole?
3. Fedha zetu za mwaka huu zinunue chakula cha wengi, au vifaa vya wachache?

Mwenyezi Mungu atuonyeshe wanaostahiki na atupe moyo wa kuwafikia. Amin. Wallahu a'lam.