Mwaka Wako wa Kuzaliwa Usiubadilishe

Wadogo zangu wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, na wa Kibondo na Kasulu, leo tuongee kuhusu kujiongezea miaka mtandaoni.

Mdogo wetu wa miaka 12 anauliza: "Dada, wenzangu wote wako TikTok, mimi nikijaza mwaka wangu inakataa. Niweke wa kaka?" Najua wengi mmeshafanya hivyo. Simu ni ya mama, bando la kubana, na kijana anayechaji simu ndiye anayewafungulia akaunti. Anaandika 1999, kazi imeisha.

Usiweke, mdogo wangu. TikTok, Facebook, Instagram na WhatsApp zote zinataka uwe umefika miaka 13, na mwaka unaojaza unaendelea kufanya kazi hata ukishaingia. Ukisema kweli kwamba una miaka 14, TikTok inaifanya akaunti yako kuwa ya faragha, hupati ujumbe wa inboksi mpaka ufike 16, na laivu ni mpaka 18. Ukijiita wa 1999, kinga zote hizo zinaondoka. Mwanaume mzima atakuandikia saa tano usiku, halafu akibanwa atasema alijua anaongea na mtu mzima mwenzake.

Australia wameamua kukaza zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa, na faini inaangukia kampuni, si mtoto wala mzazi. Hapo nawaunga mkono. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za mtoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na alama za vidole. Ni sheria nzuri, lakini picha uliyoirusha mwenyewe ikishasambaa, ni vigumu mno kuikusanya.

Nyie mlioko kambini, hili linaniuma. Familia nyingi zimevuka kutoka Burundi tangu mwaka 2015 zikikimbia watu wanaowajua kwa majina. Halafu binti anaposti picha, kapendeza kwa kitenge kipya, na mezani nyuma yake imelala karatasi ya usajili wa familia: majina ya wote, miaka yao, namba. Mliyemkimbia naye ana simu. Kabla hujairusha, ikuze picha uikague kona kwa kona. Ukiona maandishi, namba ya nyumba au sare ya shule, kata au piga nyingine. Na anayeomba umtumie picha ya karatasi hiyo WhatsApp, eti awapeleke Kanada, ni tapeli. Huduma za UNHCR hazilipiwi, wala hazipitii kwa mtu wa mtandaoni.

Kama akaunti ya 1999 tayari unayo, ifuteni pamoja na mama au dada. Mwenye miaka 13 na zaidi afungue upya kwa mwaka wake wa kweli. Wewe wa 12, subiri. Video tazama kwenye simu ya mama, mama akiwepo.

Na kama kuna mtu anakutishia kwa picha zako, usimtumie hela wala picha nyingine, na usifute alichoandika. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, hata kama simu haina salio.